Koti Lililopanda Kalinzi

Duka letu liko Gungu, chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kanisa, na kabla hujaingia utasikia harufu yake: sabuni ya unga, dawa ya nondo na nguo za watu. Tunauza mitumba. Nyingine hutoka kwenye belo tunazonunua kama wafanyabiashara wengine, nyingine huletwa na waumini na majirani, Waislamu kwa Wakristo, maana nguo haina dini. Kinachopatikana kinakwenda kwa wagonjwa waliolala ndani, wazee wasio na mtu, na wajane. Unga, maharage, sabuni, godoro pale inapowezekana. Mimi hupanga nguo na kuuza, na Alhamisi huenda kuwatembelea hao wagonjwa na furushi kichwani.

Watu hudhani ukifanya kazi ya huduma basi wewe ni mpole. Mimi si mpole. Niliomba kazi hii kwa sababu biashara yangu ya dagaa ilikufa, na mama msimamizi, mwalimu mstaafu asiyecheka ovyo, alinichukua kwa sababu najua kukataa bei ya kuchezewa. Hasira zangu zinajulikana toka Kibirizi hadi Ujiji. Mteja akivuruga rundo la mashati nililolikunja na kutaka kuondoka zake, nitamwambia alikunje upya, hata akiwa mzee wa kanisa.

Mwanzoni nguo za hapa hapa hazikuuzika kabisa. Kwetu mtu akifa, siku ya kumaliza matanga ndugu hukaa chini wakagawana nguo zake: huyu shati, yule kanga, mjomba kofia. Zinazobaki, zile zisizomtosha mtu au zilizochakaa kidogo, ndizo zilizokuwa zinaletwa dukani kwa nia njema. Sasa nani azinunue? Mji wetu huu wa ziwani ni mdogo na watu wana macho. Mwanamke alikuwa akishika gauni, akalipenda, akalipima kifuani, kisha akaguna: "Hili si la yule mama aliyekuwa akiuza mawese pale kona?" Analiweka chini, anajifuta mikono. Kuna bwana mmoja alikutana na suruali ya marehemu baba yake njiani, imevaliwa na fundi baiskeli, akarudi nyumbani kuanza kulia upya. Siku iliyofuata alikuja kutugombeza.

Ndipo mama msimamizi akapata njia. Kanisa la Kalinzi, kule juu milimani kwenye kahawa, nalo lilikuwa na duka kama letu na shida kama yetu. Wakakubaliana kubadilishana. Nguo za ziwani zipande, nguo za mlimani zishuke. Kila gari la kanisa lililokwenda kuchukua maharage lilipanda na viroba vyetu na kushuka na vyao. Tangu hapo tuliuza. Mtu wa Gungu akavaa sweta la marehemu wa Kalinzi bila kujua, na mtu wa Kalinzi akalima na fulana ya marehemu wa Kibirizi, kila mmoja na amani yake. Usilolijua haliwezi kukuliza.

Nimeeleza hayo kwanza kwa sababu bila hayo hutaelewa yaliyompata mama yangu.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulizaliwa Kibirizi, jirani na mwalo, pale boti za kwenda Kagunga, kaskazini ya ziwa, zinapopakia. Babu yetu mzaa mama alivuka kutoka Kongo na mtumbwi, akaoa huku, na mama bado anaongea kama watu wa ng'ambo akichangamka au akikasirika. Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye kuimba vibaya kwa sauti kubwa, mwenye kukopa sabuni yangu bila kuomba. Jioni moja ya mvua alitoka na wenzake, na upepo ukawapindua. Boti ilipatikana imelala kifudifudi mbali upande wa kaskazini. Wenzake wawili walipatikana pia, tukawazika. Yeye hakupatikana.

Mama alikataa kuweka matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona. Wazee wa ukoo walikuja, mchungaji alikuja, hata shehe jirani yetu, mtu wa Ujiji mwenye maneno laini, alikuja kukaa naye barazani. Wote aliwajibu neno moja.

"Alikuwa na koti lake."

Koti lenyewe lilikuwa la mvua, la bluu, zito, la mtumba kama kila kitu chetu. Lilipasuka mgongoni karibu na bega kwa kubebea mashine ya boti, na mama alilitia kiraka cha kitenge cha njano kwa kuwa hakuwa na kitambaa kingine karibu. Mdogo wangu alilalamika kwamba wanamcheka mwaloni. Alilivaa hivyo hivyo. Mama alishikilia kwamba mtu mwenye koti kama lile hafi kwa baridi majini. Kwamba aliogelea, akapata kitu cha kushika, maji yakampeleka ng'ambo, na ng'ambo kuna watu. Pengine amefungwa. Pengine anaumwa na hana simu. Imewahi kutokea, si uongo, mvuvi kutokea Kongo baada ya ndugu zake kumlilia na kunyamaza. Mama aliwajua watu hao kwa ukoo na kijiji, na aliwataja kama mtu anayesoma Zaburi.

Mimi nilimbishia. Nilimwambia wazi, tena kwa hasira, kwamba mwanawe amekufa. Nilimwambia tukichambua mchele, tukifua, tukitoka kanisani. "Mama, mtoto amekufa, tuweke matanga, tupumzike." Naye hukasirika, Kiswahili chake cha Kongo kikatoka: "Apana! Mwana yangu iko. Weye umechoka kungoja, enda ulale!" Tukawa hatuongei mpaka jioni. Kesho yake tunaanza tena. Tulifanya hivyo kwa miaka, hadi majirani wakazoea, wakawa hata hawaji kuamulia.

Aliyeumia zaidi ni wifi yangu. Hakuwa mke na hakuwa mjane. Alikaa katika chumba chake kile kile uani kwa mama, akimpikia mama, akimkanda magoti, bila mtoto, bila siku hata moja ya kukaa chini na watu wakamwambia pole rasmi. Kulikuwa na mwanamume wa kwao Kagunga, mtu mzima, mtaratibu, aliyetaka kumwoa. Wazee wa pande zote waliuliza swali moja: mume wa huyu mwanamke mmemlilia lini? Hakuna matanga, hakuna ndoa. Wifi hakumwambia mama neno. Aliniambia mimi, akiosha vyungu, bila kunitazama, na mimi nikaenda kumgombeza mama tena. Haikusaidia kitu.

Sasa ile siku. Ziwa lilikuwa limefungwa, ile miezi serikali inapozuia uvuvi ili samaki wazaliane, na mji mzima ulikuwa umenuna. Boti zimepandishwa mchangani, wanaume wamekaa vijiweni wakikuna vichwa, dukani hakuna anayenunua hata soksi. Wenye fedha wakati huo ni watu wa mlimani, maana kahawa inavunwa, nao huteremka Gungu kununua mabati na misumari. Nilikuwa nimempeleka mama zahanati kwa ajili ya magoti. Tulikuwa tunarudi kwa miguu, polepole, yeye amenishika mkono, mimi nikinung'unika kuhusu foleni.

Mkono wake ukaachia wangu.

Nilimwona anakwenda. Mwanamke ambaye dakika ile ile alikuwa hawezi kuvuka mtaro bila kusaidiwa alikuwa anakimbia, kanga inamvuka, ndala moja imebaki nyuma, akiita jina la mwanawe. Mbele yake, karibu na kijiwe cha bodaboda, alikuwepo mtu aliyetugeuzia mgongo. Bluu. Na karibu na bega, njano.

Sitasema uongo: hata mimi nilisadiki. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, mimi niliyemzika mdogo wangu kwa maneno kila siku, nilisadiki kabisa, nikabaki nimesimama pale pale aliponiacha.

Mama alimfikia, akamkamata koti kwa mikono miwili. Yule mtu akageuka. Alikuwa mtu wa makamo, uso mpana, ndevu zenye mvi, na mfuko wa misumari mkononi.

"Mawe!" alishtuka, kama watu wa mlimani wanavyomwita mama. "Mama, kuna nini?"

Mama alimtazama uso, akatazama koti, akamtazama uso tena. Alikuwa hapumui vizuri. "Mwenye hii koti iko wapi? Mwana yangu iko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi, mama."

Vijana wa bodaboda walikuwa wameshashuka kwenye pikipiki zao. Wengi walikuwa wavuvi kabla ya ziwa kufungwa, na mmoja wao alikitambua kile kiraka. "Oya, hilo jaketi ni la jamaa yetu aliyezama! Mzee, umelitoa wapi?" Mwingine akasema mtu anayevua maiti nguo ni mchawi. Neno hilo likitajwa kijiweni mambo huharibika upesi. Mara wakamzunguka, mmoja akamshika ukosi, misumari ikamwagika chini.

"Nilinunua!" yule mtu alipiga kelele. "Nilinunua kanisani, kwetu Kalinzi! Waulizeni!"

Hapo nikapata miguu. Niliwasukuma, nikawatukana ipasavyo, na kwa mara ya kwanza ulimi wangu ulifanya kazi ya Mungu. Niliwaambia wamwachie, kwamba anasema kweli, kwamba nguo za ziwani huwa tunazipandisha Kalinzi sisi wenyewe, kutoka duka la kanisa, na mtu akitaka kumpiga huyu aanze na mimi. Wakalegea. Wakaanza hata kumwokotea misumari yake. Yule mtu, bila kuambiwa, alianza kufungua vifungo ili amrudishie mama koti.

Mama alimzuia mkono. Alikuwa bado na swali, na lile swali lilinichoma kuliko kelele zote.

"Alikuuzia yeye mwenyewe? Mwembamba, anachekacheka? Iko kule Kalinzi?"

"Hapana, mama. Nililikuta kwenye rundo."

Tulimpeleka mama nyumbani kwa bodaboda, na yule kijana wa kijiweni hakutaka kuchukua nauli. Njia nzima nilikuwa nahesabu walioweza kufanya jambo lile. Mara ya mwisho akina mama wa kanisa walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo, mimi nilikuwa kitandani na homa ya matumbo, na mama msimamizi alifunga viroba mwenyewe bila kujua nini ni cha nani. Na kama mtu mwingine angeliokota koti lile ziwani, angemletea mama, kwa hiyo lilitoka nyumbani kwetu. Na nguo za mdogo wangu zilikuwa sehemu moja tu, chumbani kwa wifi, mahali ambapo mama hajawahi kukanyaga, maana mama mkwe haingii chumba cha kulala cha mwanawe. Nilishuka kwenye pikipiki nikiwa nimekwisha panga matusi yote.

Wifi alikuwa anapepeta dagaa uani. Alipoona uso wa mama aliweka ungo chini. Nadhani alijua papo hapo.

Sikupata nafasi ya kutukana. Mama ndiye aliyeuliza, tena taratibu. "Koti ilikuwa huku?"

"Ndiyo, mama."

"Toka siku ile?"

Wifi alipiga magoti mchangani. Alisema jioni ile alikuwa na homa, anatetemeka, na bati lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Mume wake alivaa koti, akafika mlangoni, akarudi. Akalivua, akamfunika nalo. Alimwambia mvua ya leo ni ndogo. Alikwenda ziwani na shati. Na wifi alipoamka asubuhi watu wanalia mwaloni, akamsikia mama anasema mwanangu ana koti lake, mwanangu hafi, alishindwa kufungua mdomo. Kesho yake alishindwa tena. Baadaye lile neno likawa ndilo linalomwamsha mama asubuhi, sasa atalivunja vipi? Akawa analala na koti chini ya kitanda na hapati usingizi. Akina mama wa kanisa walipopita aliwapa mfuko mzima bila kutazama ndani. Alijua zinapanda Kalinzi. Kila mtu anajua nguo zikipanda Kalinzi hazirudi.

"Nilimvua mimi, mama," alisema. "Lingemkinga. Mimi ndiye niliyemvua."

Hasira zangu zote zilinitoka, sijui zilikwenda wapi. Nilimwonea wifi huruma mpaka nikaona aibu kwa yale niliyokuwa nimeyapanga kwenye pikipiki.

Mama aliketi kwenye kizingiti. Akasugua goti. Kuku walianza kudonoa dagaa kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, si kwa wifi wala kwangu:

"Basi alikwenda na shati tu."

Baada ya hapo alilia. Ndiyo mara ya kwanza alilia. Alilia kwa sauti, ile ya msiba, ya kuanzia chini na kupanda, na majirani waliposikia hawakuuliza kitu. Walikuja na mikeka.

Tuliweka matanga bila maiti na bila kaburi. Mchungaji aliomba, shehe alikuja na watu wake wakakaa nasi hadi jioni, akina mama wa duka walileta unga na maharage, na mimi niliyezoea kuvipeleka kwa wengine nilivipokea kwa mikono miwili. Siku ya kumaliza, mzee wa ukoo aliomba nguo za marehemu ziletwe zigawanywe, kama desturi. Tukatazamana. Mama akajibu kwamba zimekwisha gawanywa, zinavaliwa mlimani, na kule ni baridi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mengine.

Yule bwana wa Kalinzi alileta koti dukani wiki hiyo hiyo, limefuliwa, limekunjwa. Mama msimamizi alimwuliza mama yangu anataka kulifanyia nini. Mama alisema arudishiwe aliyelinunua. Siku hizi akina mama wanaopita kukusanya nguo huuliza kwanza, nguo hizi ni za nani na nani anajua mnazitoa. Wengine hukasirika wakiulizwa. Mimi huwaambia wakasirike tu.

Wifi aliolewa Kagunga. Mama alimsindikiza mwaloni mwenyewe, akamfunga kanga mpya kiunoni, akamwambia mbele ya abiria wote kwamba ni mwanawe na hana deni kwake. Boti ilipoondoka hakulitazama ziwa zima kama alivyokuwa akifanya zamani, jicho limekwenda mpaka milima ya Kongo. Aliitazama boti tu, ilipokuwa ndogo akageuka, akaniambia twende, jua kali.

Wote wakasema Mungu amemponya mama. Analala usiku, anakula. Haendi tena kuwauliza watu wa boti za ng'ambo. Nilipaswa kufurahi, maana ndicho nilichokuwa nikikitaka miaka yote ile, nilichokipigia kelele hadi koo likauma. Lakini nilianza kujishika nikitazama migongo ya watu. Dukani, sokoni, boti zinaposhusha abiria kutoka kaskazini. Mwanamume mwembamba akipita anaimba vibaya, mkono wangu unasimama juu ya nguo ninayoikunja. Na mimi si mtu wa kungoja wafu.

Juzi tulikuwa tumekaa uani, mimi na mama, tunachambua maharage ya kupeleka kwa wagonjwa. Ilikuwa jioni tulivu tu. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya zamani ya ugomvi, "Mama, mtoto alikufa."

Mama hakuinua uso. Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage, akasema, "Ndiyo, mwana yangu. Alikufa."

Akaendelea kuchambua, nami nimekaa pale na ungo mapajani, nikingoja anibishie.